Kibofu kikitolewa, mkojo utokee wapi? Njia nne na maambukizi ya kila moja

Mgonjwa akishakubali kwamba kibofu chake kinatolewa chote, daktari humwuliza swali ambalo hakutoka nalo nyumbani: sasa mkojo utokee wapi? Wengi hulijibu kwa kupima aibu. Mfuko utaonekana chini ya kanzu? Nitanuka? Mke wangu ataendelea kulala na mimi? Ni maswali ya haki na siyadharau. Lakini nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji wa mfumo wa mkojo kwa muda wa kutosha kulijua swali linalosahaulika, lile linalokumbukwa siku mtu anaposhushwa kwenye bajaji akitetemeka ndani ya blanketi saa saba mchana: njia niliyoichagua inaleta maambukizi ya namna gani, yanakuja lini, na je, mimi na watu wangu tutayatambua kabla hayajafika kwenye figo?

Njia isiyo na maambukizi haipo. Zilizopo zinatofautiana kwa mlango ambao vijidudu vinapitia, kwa wakati vinapojitokeza, na kwa nani anatakiwa kuviona wa kwanza. Nitazilinganisha kwa jicho hilo.

Upasuaji wenyewe

Kibofu hutolewa chote hasa kwa sababu ya saratani iliyokwisha kuzama kwenye msuli wake. Mwanaume huondolewa pia tezi dume. Mwanamke, mara nyingi, mfuko wa uzazi na sehemu ya ukuta wa uke. Tezi za limfu za nyonga nazo husafishwa. Kwetu kuna sababu ya ziada ambayo Ulaya hawaijui sana: kichocho cha mkojo, ugonjwa unaoletwa na minyoo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliwatangaza minyoo hao kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu mwaka 1994, na sisi tunaopokea watu kutoka Kanda ya Ziwa, mwambao wa Pwani na Zanzibar hatukushangaa. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi huja akiwa bado na umri wa kufanya kazi, na mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo ikiwa imeshakakamaa kwa makovu ya miaka. Makovu hayo yana maana kubwa kwenye hesabu ya maambukizi, nitayarudia.

Usidanganywe kwamba ni upasuaji wa kawaida. Hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilichapisha mwaka 2009 hesabu ya wagonjwa wake 1,142: asilimia 64 walipata angalau tatizo moja ndani ya siku 90, na matatizo ya maambukizi yalimgusa mgonjwa mmoja kati ya wanne. Hao ni watu walio mikononi mwa mabingwa, wenye maabara mlango wa pili. Ripoti za nchi nyingi zinakubaliana pia kwamba karibu robo ya wagonjwa hurudishwa hospitali ndani ya miezi hiyo mitatu, na homa ya maambukizi iko kwenye mstari wa mbele wa sababu.

Njia nne zenyewe

Ya kwanza ni *mfuko wa tumboni*. Daktari anakata kipande cha utumbo mwembamba, kama sentimita 15 hadi 20, anaunganisha mirija ya figo kwenye ncha moja, na ncha nyingine anaitokeza nje upande wa kulia wa tumbo. Mkojo unatiririka muda wote kwenye mfuko uliobandikwa. Aliyeieneza njia hii ni Mmarekani Eugene Bricker mwaka 1950, na hadi leo ndiyo inayofanywa zaidi.

Ya pili ni *kibofu kipya*. Hapa utumbo mwembamba wa sentimita 50 hadi 60 unapasuliwa, unashonwa uwe kama tufe, kisha unaunganishwa na njia ya asili ya mkojo. Mtu anakojoa anapokojolea watu wote, ila kwa kukamua tumbo, kwa kuwa utumbo haujui kusukuma mkojo.

Ya tatu ni *hifadhi ya ndani*. Hushonwa kwa utumbo mpana wa upande wa kulia na mwisho wa utumbo mwembamba, kisha huachiwa tundu dogo, pengine kitovuni. Mkojo hautoki wenyewe. Mwenyewe anaingiza mpira mwembamba wa kutolea mkojo (katheta) kila saa 4 hadi 6 na kuumwaga.

Ya nne ni *mirija kwenye ngozi*. Utumbo hauguswi kabisa. Mirija ya figo inaletwa moja kwa moja kwenye ngozi ya tumbo na kuvalishwa mfuko, mara nyingi ikiwa na vijiti vya plastiki ndani ili isizibe.

Ipo ya tano, ya kuelekeza mkojo kwenye puru ili utoke pamoja na choo. Wazee wa kazi hii wanaikumbuka vizuri, na ilipendwa mahali ambapo mifuko haikupatikana. Sitaipa nafasi sawa na zile nne: mkojo kukaa na kinyesi hualika maambukizi ya figo yanayojirudia, na saratani inaweza kuota baadaye pale mirija ilipoungwa na utumbo. Ukitajiwa, uliza kwa nini zile nne hazikufai.

Vipimo vya ulinganisho

Nitatazama mambo manne kwa kila njia. Maambukizi yanaingilia wapi na lini. Uzito wake kwa siku za wodini na kurudi hospitali. Kazi ya mikono, maji na choo nyumbani. Mwisho ni fedha.

Maambukizi: mlango na saa yake

Wiki ya kwanza njia zote zinafanana kuliko zinavyotofautiana. Hatari ziko kwenye kidonda cha tumbo, kwenye mapafu ya mtu anayeogopa kukohoa, kwenye kanula zilizokaa siku nyingi, na kwenye usaha unaojikusanya nyongani. Njia tatu za kwanza zina kiungio cha utumbo juu ya hayo yote. Kikivuja, mambo hubadilika kwa saa chache. Njia ya nne haina kiungio hicho. Hapo ndipo penye nguvu yake, na ndiyo maana hupewa mtu ambaye mwili wake hauwezi kustahimili pigo la pili.

Kinachoamua wiki hii ya kwanza ni hali ya mgonjwa alivyoingia, zaidi ya njia aliyochagua: sukari isiyotulia, kukonda, sigara, damu kidogo, na mkojo uliokuwa na vijidudu kabla ya kisu. Mwombe daktari auoteshe mkojo maabara mapema kuona vijidudu vilivyomo, na utibiwe kabla ya siku yenyewe. Dawa ya kinga ya antibayotiki inatakiwa kuingia mwilini ndani ya saa mbili kabla ya kukatwa, na Shirika la Afya Duniani linashauri isiendelezwe baada ya upasuaji kwa nia ya kukinga tu. Ndugu wa wagonjwa huniambia, “Sista, mbona wamemwachisha dawa mapema?” Nawajibu kwamba dawa ya kinga ikirefushwa siku nyingi haimlindi, inawafundisha vijidudu kuizoea.

Wimbi la pili huja mtu akiwa ameshafurahi kurudi kwake, na hapo njia zinaachana.

Kwenye mfuko wa tumboni mkojo hausimami, unashuka tu. Vijidudu vimo ndani ya kile kipande cha utumbo siku zote, lakini mkondo haupati nafasi ya kuoza. Shida huanza mfuko unapoachwa ujae mpaka mkojo unarudi juu, au tundu linaposinyaa. Mara nyingi huwa ni homa moja kali yenye maumivu ya kiunoni.

Kibofu kipya kina hadithi ndefu zaidi. Wiki mbili hadi tatu za mwanzo mpira wa kutolea mkojo unakaa ndani, na utumbo, usiojua kwamba siku hizi ni kibofu, unaendelea kutoa ute. Ute unaziba mpira, mkojo unasimama, vijidudu vinaneemeka. Mpira ukishatolewa swali linakuwa kama kibofu kinamwagika chote. Kikibakiza, maambukizi yatakuwa yanapiga hodi kila mara. Wanawake hasa hukutwa na hali ya kushindwa kukimaliza, na wengine huishia kutumia mpira mara kadhaa kwa siku maisha yao yote. Walioambiwa hivyo kabla ya upasuaji huipokea. Wasioambiwa hulia, na sioni kosa lao.

Hifadhi ya ndani haikai bila vijidudu, kwa kuwa mpira unapita hapo mara nne, tano, sita kwa siku. Vijidudu kuwapo si ugonjwa, ila baadhi yao huugeuza mkojo na ute kuwa mawe, na jiwe likishakaa maambukizi hayatoki mpaka litolewe. Njia hii ndiyo inayowarudisha wengi zaidi kwenye meza ya upasuaji kwa marekebisho.

Mirija kwenye ngozi inaanza kwa utulivu kisha inadai baadaye. Tundu husinyaa kirahisi, kwa hiyo vijiti hubakishwa ndani na kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Kijiti kilichopitiliza siku zake huota ukoko, na ukoko ni nyumba ya vijidudu. Aliye karibu na kliniki anaishi nacho vizuri. Aliye mbali hukisahau.

Sasa nirudi kwenye makovu. Njia zote zinazotumia utumbo zina mahali mrija wa figo unaposhonwa kwenye utumbo, na mahali hapo panaweza kujibana polepole, zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Mgonjwa aliyeumwa kichocho miaka mingi anaingia na mirija ambayo tayari si laini. Panapobana hapaumi. Figo inajaa kimya kimya, na siku vijidudu vinapofika kwenye mkojo uliofungiwa, homa yake haingoji gari la kesho. Figo hiyo inatakiwa kutobolewa na kukamuliwa, vidonge peke yake havitoshi. Kwa hiyo ultrasaundi ya figo na kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kila baada ya miezi kadhaa ni sehemu ya njia uliyochagua, usivione kama hisani ya kliniki.

Kuna wanaoniuliza kuhusu upasuaji wa roboti wakidhani utaondoa hayo yote. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2018 kwenye jarida la Lancet lilikuta roboti haizidiwi na kisu cha kawaida katika kudhibiti saratani, lakini maambukizi ya mkojo yalikuwa asilimia 35 kwa roboti na 26 kwa kisu. Jaribio la Uingereza la 2022 lilikuta matatizo ya kidonda yamepungua sana kwa roboti, asilimia 5.6 dhidi ya 16. Roboti inapunguza ukubwa wa kidonda, lakini utumbo unaoshonwa ndani ni uleule na ute wake ni uleule.

Kipimo cha mkojo kinachodanganya

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona fedha na dawa zikipotea zaidi.

Mtu mwenye mfuko, kibofu kipya au hifadhi ya ndani akienda maabara ya mtaani kupima mkojo, majibu karibu yote yatarudi yameandikwa UTI. Ukipima leo ipo, ukipima kesho ipo, ukipima baada ya kumaliza dozi ipo. Utumbo una vijidudu na ute kwa asili yake, na kile kijiti cha rangi cha kupimia mkojo hakijui kwamba mkojo umepita kwenye utumbo. Mgonjwa asiyejisikia vibaya hutibiwa karatasi. Anapewa siprofloksasini, halafu seftriaksoni ya sindano, halafu nyingine, na mwaka ukiisha vijidudu kama E. coli au Klebsiella vilivyobaki ndani havisikii dawa yoyote iliyopo wilayani. Siku homa ya kweli inapokuja anahitaji meropenemu ya mshipani na kitanda cha siku kumi. Mzigo wa hospitali ulianzia kwenye kaunta ya duka la dawa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kusema na ngumu kufuata. Huna homa, hutetemeki, kiuno hakiumi, unakula kama kawaida: usipime mkojo kwa kujifurahisha, na ukipimwa usitibiwe kwa sababu ya karatasi tu. Mkojo wenye utando mweupe si ushahidi. Harufu peke yake si ushahidi.

Na ukiwa mgonjwa kweli, mkojo uoteshwe, tena uliochukuliwa vizuri. Kwa mwenye mfuko wa tumboni, mkojo uliokaa mfukoni haufai kuoteshwa. Mfuko unabanduliwa, tundu linasafishwa, mpira mdogo safi unaingizwa na mkojo mpya unachukuliwa. Wahudumu wa zahanati wengi hawajawahi kufundishwa hilo, hivyo mgonjwa mwenyewe inabidi awe mwalimu kidogo. Mwambie kwa adabu, “Daktari, mimi mkojo wangu unapita kwenye utumbo,” na umwonyeshe karatasi ya hospitali. Iwe kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Siku za wodini na kurudi

Mirija kwenye ngozi ndiyo yenye upasuaji mfupi kuliko zote, na utumbo usioguswa huamka mapema. Mgonjwa hula na kutembea upesi. Mfuko wa tumboni unafuata. Kibofu kipya na hifadhi ya ndani huchukua saa nyingi zaidi mezani. Hata ukiruhusiwa mapema, bado umefungwa na hospitali kwa kamba ndefu: kuna mipira ya kusafishwa kwa maji ya chumvi ya dripu na bomba la sindano mara kadhaa kwa siku, kuna picha ya kuhakikisha hakuvuji, kuna siku ya kutoa mpira na siku nyingine ya kujifunza kukojoa upya.

Daftari la hospitali huandika siku za kitandani tu. Haliandiki mama mkwe aliyelala kwenye kibaraza wiki mbili, wala mwana aliyeacha bodaboda yake ili awe karibu. Kwa mtu anayetoka mbali nashauri, njia yoyote aliyochagua, apange chumba karibu na hospitali mpaka vijiti na mipira ya mwanzo itoke. Homa nyingi za wimbi la pili hutokea siku hizohizo, na nauli ya dharura usiku huzidi kodi ya chumba.

Mikono, maji na choo

Mfuko wa tumboni unahitaji mkono mmoja mzuri na macho yanayoona, au mtu wa nyumbani mwenye vyote viwili. Kibandiko hubadilishwa kila baada ya siku chache. Mfuko humwagwa ukiwa theluthi au nusu, usiku ukiunganishwa na mfuko mkubwa wa kuning’inia. Jasho la Tanga, Mombasa au Dar es Salaam hulegeza gundi haraka kuliko baridi ya Mbeya, basi wa mwambao ahesabu vibandiko vingi zaidi. Ngozi iliyochubuka ni mlango wa fangasi.

Kibofu kipya kinadai nidhamu ya saa. Mwanzoni mtu anakojoa kila saa mbili au tatu akiitwa na kengele ya simu, kwani hisia ya kubanwa imekwenda na kibofu cha zamani. Usiku anaamka, la sivyo atalowana. Kulowana usiku hubaki kwa wengi hata baada ya mwaka. Anatakiwa aweze kujiingiza mpira siku kikikataa kumwagika. Asiyeweza, au anayesema “hilo sitalifanya kamwe,” ameshajibu swali.

Hifadhi ya ndani ndiyo yenye madai makubwa kuliko zote. Mpira, sabuni, maji safi na mahali pa faragha kila saa chache, mvua inyeshe au basi liwe Chalinze kwenye foleni. Ukichelewa sana hujaa kupita kiasi, na hifadhi iliyojaa kupita kiasi inaweza kupasuka. Mpira wa kujimwaga unatakiwa uwe safi, na mikono ioshwe kwa sabuni; huhitaji glovu za chumba cha upasuaji. Watu huacha kujimwaga kwa sababu glovu zimeisha, kumbe hatari iko kwenye kuacha.

Mirija kwenye ngozi haina kazi nyingi ya mkono, ila wakati mwingine matundu ni mawili na mifuko ni miwili, kushoto na kulia.

Neno moja kuhusu ibada, kwa sababu huulizwa kwa kunong’ona. Mwislamu mwenye mfuko hapotezi swala. Katika madhehebu ya Shafii mtu ambaye mkojo wake haukatiki huhesabiwa mwenye udhuru, na hutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Zungumza na sheikh wako kabla ya upasuaji, usije ukachagua kibofu kipya kwa hofu hiyo peke yake.

Fedha

Sitataja bei, hubadilika. Angalia lini unalipa. Kibofu kipya na hifadhi ya ndani hulipiwa zaidi mwanzoni: saa za upasuaji, siku, vipimo, na kurudi. Mfuko na mirija hulipiwa kidogokidogo mpaka mwisho wa maisha, na hapo bima huwapiga watu chenga. Uliza kwa maandishi kama bima yako inalipia mifuko na vibandiko, siyo upasuaji tu. Uliza pia duka gani mjini kwako linaviuza leo. Mifuko ikikosekana watu hubuni, na nimeona chupa ya plastiki ikifungwa kwa plasta kwenye tundu. Maambukizi yaliyofuata yaligharimu mifuko ya mwaka mzima.

Mwenye hifadhi ya ndani ananunua mipira. Mwenye mirija kwenye ngozi analipia kubadilisha vijiti. Mwenye kibofu kipya ananunua pampasi za usiku na, wengine, vidonge vya kupunguza asidi mwilini, kwa sababu utumbo hurudisha kwenye damu sehemu ya kile figo zilichotupa. Uchovu, kukosa hamu ya kula na kuhema kwa nguvu vinaweza kuwa asidi, vinaweza kuwa maambukizi. Vyote ni vya hospitali.

Nani anafaa nini

Mfuko wa tumboni unamfaa mtu wa umri wowote anayetaka upasuaji uliozoeleka zaidi, mwenye figo zilizokwisha kuguswa, au anayejua kwamba kujiingiza mpira hatakuweza. Unamtesa asiye na uhakika wa mifuko.

Kibofu kipya kinamfaa mwenye figo nzuri, ini zima, mikono inayomtii, saratani isiyogusa njia ya mkojo, na akili ya kufuata saa. Kwa kijana wa kichocho mwenye familia changa ni chaguo la kufikiriwa kwa uzito, ilimradi mirija yake ipimwe vizuri kwanza. Madaktari Wamisri wa mji wa Mansoura, ambao waliwahi kuchapisha hesabu ya watu 2,720 waliotolewa kibofu katika nchi iliyoteswa na kichocho kama sisi, wameonyesha kwamba kinawezekana mahali penye mazoea. Neno la kushika ni mazoea: muulize daktari wako amefanya vingapi.

Hifadhi ya ndani inamfaa yule ambaye njia yake ya mkojo lazima itolewe au haishiki mkojo, lakini mfuko hautaki kabisa, na ana nidhamu, maji na kliniki ya karibu. Ni wachache, ila wanaofaa hufurahi kweli.

Mirija kwenye ngozi inamfaa mzee aliyedhoofika, mwenye moyo mbovu, aliyepigwa mionzi tumboni, au yule ambaye lengo ni kumtuliza maumivu na damu. Haimfai anayeishi safari ya siku mbili kutoka mahali vijiti vinapobadilishwa.

Kwa hali yako

Kama unaishi mbali na hospitali kubwa na zahanati yako haina maabara ya kuotesha, ipe uzito njia ambayo homa yake huja kwa uwazi na haidai mikono ya kliniki kila mwezi. Mara nyingi huo ni mfuko wa tumboni, pakiwepo mifuko. Nunua kipimajoto: nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, maumivu ya kiunoni, kutapika, mkojo kupungua ghafla au mtu kuanza kuongea visivyoeleweka, safari ianze siku hiyohiyo.

Kama una kisukari, sukari itulizwe kwanza kadiri saratani inavyoruhusu kusubiri, halafu ndipo mzungumze njia. Kisukari peke yake hakikunyimi kibofu kipya, ila ganzi ya vidole na macho hafifu vinaweza.

Kama kreatinini yako tayari iko juu, kibofu kipya na hifadhi ya ndani huondoka mezani zenyewe. Usimchukie daktari.

Kama wewe ni mwanamke unayefikiria kibofu kipya, kaa na muuguzi ujifunze kujiingiza mpira kabla ya upasuaji. Ukiweza bila kinyaa, endelea. Ukishindwa leo ukiwa mzima, mpango huo uangaliwe upya.

Kama anayeamua ni familia kwa niaba ya mzee, ulizeni nani hasa atabadilisha mfuko saa tisa usiku. Jina, siyo “tutasaidiana.” Nimeona koo nzima ikikubaliana wodini, na baada ya mwezi mzee yuko na mjukuu wa miaka kumi na miwili.

Na kama umekwisha kuchagua kibofu kipya, chagua na njia ya pili ya akiba. Daktari akishafungua hupeleka kipande cha njia ya mkojo kichunguzwe palepale. Kikionekana na saratani, kibofu kipya hakifanyiki na wewe huwezi kuulizwa, uko kwenye nusu kaputi. Siku moja kabla, muuguzi akuwekee alama ya wino tumboni ukiwa umekaa, umesimama na umeinama, mbali na mkunjo wa ngozi na mahali unapofungia mkanda au kanga. Tundu likikaa kwenye mkunjo, mfuko hautashika, mkojo utavuja na ngozi itachubuka. Vaa nguo zako za kila siku wakati wa kuchora alama hiyo, usivae gauni la hospitali.